Mrudishie Mama Yangu Ukungu Wake

Kwa Daktari wa Upasuaji,
Kliniki ya Macho,
Ghorofa ya pili, juu ya duka la viatu.

Mheshimiwa Daktari,

KUH: MALALAMIKO DHIDI YA JICHO LA KUSHOTO LA MAMA YANGU

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na mikono yako imetulia kama ilivyotulia siku ile, kwa maana ni mikono hiyohiyo ninayokuja kuishtaki.

Huenda umenisahau. Mimi ni yule binti mwembamba aliyefuatana na mama fundi cherehani, akaketi kwenye kiti cha kona na mikoba miwili mapajani, akauliza maswali mengi hadi muuguzi wako akataka kujua ni nani hasa kati yetu atakayefanyiwa upasuaji. Uliniomba kwa upole nikamnunulie mama maji. Nilikwenda. Niliporudi mambo yalikuwa yamekwisha kuamuliwa, na leo ninakuandikia kuhusu matokeo yake.

Kwanza niseme bila chuki kwamba upasuaji ulifaulu. Hilo ndilo lalamiko lenyewe.

Ili unielewe, sina budi kukueleza nyumba yetu ilivyokuwa kabla yako. Mama anashonea chumba cha mbele, chenye dirisha linalotazama barabara, na ameshonea humo tangu kabla sijazaliwa. Umri ulipoanza kumfikia, alianza kusukuma vitu mbali naye. Alisukuma chupa za dawa, akasukuma utepe wa kupimia, akasukuma simu mpaka mkono ukaisha. Mwisho akanisukuma mimi. "Hebu rudi nyuma nikuone," alikuwa akisema, nami nikirudi hadi mlangoni, na huko ndiko nilikopata kuonekana.

Miwani tulimnunulia. Ya kwanza aliikalia. Ya pili iliteleza kwa jasho na kuangukia kitambaani, na pasi ilipotoa mvuke alikuwa haoni chochote, si karibu wala mbali. Ya tatu aliisahau katika mfuko wa koti la mteja, koti likapigwa pasi nayo ikiwa ndani, na mteja akarudi kuuliza huo ni mtindo gani. Baada ya hapo mama alitangaza kwamba hana haja ya miwani, maana ana mtoto. Wateja wakaanza kuniita Miwani. "Miwani, mama yako anakutafuta," majirani walikuwa wakiniambia hata nikiwa ng'ambo ya barabara, nami nilikuja.

Nilikuja kwa miaka sita, Daktari. Nimesomea uchoraji wa ramani, tena nilifaulu vizuri. Ofisi ya ramani ya mji mmoja wa mbali, safari ya mchana kutwa na usiku kucha, ilinipa kazi. Niliwajibu kwamba mama yangu haoni karibu na kwamba mimi ndiye macho yake. Mkuu wa ofisi ile, mwanamke mwenye huruma kupita kiasi, akaandika kwamba nafasi itaningoja hadi mama atakapopata nafuu. Nilimshukuru sana. Nilijua kwamba uzee haupati nafuu. Habari zako sikuwa nazo.

Ndipo ukaja wewe na mwanga wako. Siku ile niliporudi na maji ulitueleza kwamba ndani ya jicho kuna lensi inayokakamaa kadiri miaka inavyokwenda, na kwamba leza ingeuchonga uso wa mbele wa jicho la kushoto ili lione karibu, la kulia liachwe kama lilivyo kwa ajili ya mbali, na ubongo ungejifunza wenyewe kuchagua lipi litumike lini. Ukampa kwanza lensi ya kubandika juu ya jicho aijaribu nyumbani, na akaipenda. Kazi yenyewe ilichukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai. Tangu hapo nyumba yetu haijakalika, na naomba kukuorodheshea kama ifuatavyo.

1. Sindano. Kazi yangu ya kwanza kila asubuhi ilikuwa kutunga nyuzi katika sindano zote za siku hiyo na kuzichomeka kwenye kimto chake: nyeusi mwanzo, nyeupe mwisho, na katikati rangi kwa kufuata mpangilio wa kazi. Mtu wa nje angeona ni jambo dogo. Mimi nilikuwa nikiamka kwa sababu hiyo. Sasa nikiamka nakuta kimto kimejaa tayari, kama nungunungu aliyejipamba, na mama ameketi pembeni yake akijifanya hana habari. Nilipomwambia angeniamsha, alisema nilikuwa nimelala vizuri. Kutunga uzi hahitaji hata kuulamba. Anauelekeza tu, na uzi, ambao miaka yote ulimfanyia ukaidi, unaingia kama mgeni aliyekaribishwa.

2. Usafi. Katika majuma ya mwanzo, kama ulivyotuonya, mama alikosea umbali wa vitu. Alimimina chai kando ya kikombe kwa uhakika mkubwa, akamimina tena. Sitakuficha kwamba nilipata matumaini. Lakini ubongo wake ulizoea haraka kuliko ulivyoahidi, na kitu cha kwanza ulichokitazama ulipokwisha kuzoea ni vitako vya sufuria zetu. Mimi ndiye muoshaji wa sufuria. Alizipanga juani zote, zimepinduliwa, akaniita nizitazame. Ningependa kliniki yako izingatie kwamba mwanamke aliyekuwa akila kwa amani kwa miaka sita sasa anainua kijiko mbele ya dirisha kabla ya kukitia mdomoni.

3. Baba. Baba yangu alikuwa fundi saa, na tangu astaafu huketi chumba cha mbele akisoma gazeti huku mama akishona. Ni mtu mtulivu, hajawahi kukudhuru. Asubuhi moja mama alimpa kikombe chake, akamtazama usoni kwa karibu, akamtazama tena, akasema: "Kumbe umezeeka hivi na hukuniambia." Baba alijibu kwamba hakutaka kumsumbua, tena alikuwa akizeeka polepole. Mama akachukua mkasi mdogo wa kukatia nyuzi, akamwondolea nywele za masikioni palepale, wateja wawili wakitazama. Baba sasa ananyoa ndevu kila siku. Amenunua kitana. Jioni wanaketi benchi moja, mama akimwonyesha makunyanzi yake yeye mwenyewe na kuuliza hili nalo lilianza lini, na baba akijibu kwa tarehe, maana kumbe yote alikuwa akiyaona. Mimi huketi ng'ambo na kitabu. Hakuna anayeniita nisome chochote.

4. Kwaya. Hapa, Daktari, jambo limetoka nje ya nyumba na kuwa la mtaa mzima, na nadhani unapaswa kuona aibu kidogo. Katika miaka ile ya ukungu mama alishona nguo nyingi, yakiwamo majoho ya kwaya. Tulialikwa harusi ukumbini. Kwaya ikapanda jukwaani, ikaimba vizuri. Mama hakusikia hata wimbo mmoja. Alikuwa ameona mapindo. Yalikuwa yakipanda na kushuka kutoka mwimbaji mmoja hadi mwingine, kama ngazi iliyojengwa na mtu mwenye haraka. Wimbo ulipokwisha aliinuka, akapiga magoti nyuma ya kiongozi wa kwaya, yule bwana mnene tunayemwita Besi, akashika pindo la joho lake na kulisogeza kwenye jicho la kushoto. Besi, akidhani mama ameguswa na uimbaji, alimwekea mkono kichwani.

Kesho yake mama aliyakusanya majoho yote. Keshokutwa alianza kukusanya nguo nyingine. Amepita mlango kwa mlango akiomba kila kilichoshonwa tangu alipoanza kusukuma vitu mbali. Watu wanafunga madirisha wakimwona. Alimsimamisha mwanamume kituo cha basi na kumwomba avue koti. Basi likaondoka, mwanamume hajapanda, koti halijavuliwa. Mwanamke mmoja alikataa kabisa kurudisha gauni lake, akasema limekaa upande miaka minne na mume wake ndivyo alivyolipenda. Besi naye amegoma kutoa mkono wa kulia wa joho ukatwe. Ni mrefu kuliko wa kushoto, anakubali, lakini ndio mkono anaoongozea, na kwaya imezoea kuufuata.

Tena lawama imeniangukia mimi, kwa sababu kila pindo nilikuwa nikiulizwa kama limenyooka, nami nikijibu limenyooka. Na nilisema kweli. Nimesomea mistari. Kwa macho yangu ilikuwa imenyooka, na hadi leo naamini kwamba mstari ukiufuata kwa moyo wote unanyooka kiasi chake. Mama amesema moyo haupimi pindo. Akanipa nyuzi za kufumua.

5. Uso wangu. Lalamiko hili nililitaka liwe la kwanza nikashindwa.

Kwa miaka sita nimeishi ndani ya ukungu wa mama, na nakuhakikishia kwamba hakuna faragha inayoshinda ile. Niliketi karibu naye kiasi cha kusikia pumzi zake na bado hakuniona. Akihitaji niwe na uso, nilirudi mlangoni nikautengeneza. Sasa ananitazama nikila. Aligundua kwanza kwamba natafuna kucha. Baadaye akaona mstari kati ya nyusi zangu, akauliza umeanza lini, na mimi, tofauti na baba, sikuwa na tarehe.

Juzi aliweka mkasi chini, akauliza wale watu wa ramani wanasemaje. Nikasema hawasemi kitu. Akaendelea kunitazama. Nikasema huenda wamempa mtu mwingine ile nafasi. Akavuta kigoda karibu, akanishika kidevu kama anavyoshika kitambaa kabla ya kukikata, akageuza uso wangu kwenye mwanga wa dirisha.

"Mwanangu," alisema, "wewe huogopi kuniacha. Unaogopa kwenda."

Haya ni mambo mawili tofauti, Daktari. Kwa miaka sita hakuna aliyeweza kuyatofautisha, na mimi nikiwa mmojawao. Naweza kuchora barabara ya mlimani, kona kwa kona, na nisikosee hata kiasi cha upana wa unywele. Lakini sijawahi kulala katika nyumba ambayo simjui anayekohoa chumba cha pili. Sijui mtu akifika mji mgeni anaweka wapi mikono yake. Mkuu wa ile ofisi amepiga simu kuuliza hali ya mgonjwa, na baba, asiyejua kudanganya, akamjibu kwamba mgonjwa yuko nje, amepanda juu ya stuli, anafuta vumbi juu ya bango la kazi yake. Wananitazamia mwanzo wa mwezi.

Kwa sababu hizo zote naomba kliniki yako ifanye mojawapo ya mambo yafuatayo.

Kwanza, mrudishie mama yangu ukungu wake. Siombi wote. Naomba ule wa kutoka kiganja hadi kiwiko, unaotosha sindano moja na uso mmoja. Ulituambia wewe mwenyewe kwamba lensi ya ndani huendelea kuzeeka na huenda baada ya miaka kuona kwa karibu kukapungua tena. Ninaomba tu shughuli hiyo iharakishwe.

Ikiwa leza haina kinyume chake, basi umwandikie mama cheti kinachosema kwamba jicho lake, ingawa linaona, halipaswi kuachwa peke yake. Niko tayari kukiandaa mimi, wewe utie sahihi. Nina mwandiko unaosomeka.

Na ikiwa sheria za udaktari zinakukataza hilo pia, nina ombi la tatu, nalo nimelifikiria kwa makini. Niwekee mimi ukungu. Uwe wa mbali. Macho yangu ya karibu niachie, hayo nayatumia. Lakini mbali sina shughuli nako, na mtu asiyeweza kuona mwisho wa barabara hakuna atakayemlazimisha kuifuata. Nitakuja bila kula, kama itahitajika. Sitauliza maswali.

Nakiri kwamba wagonjwa wengine wanaweza kuliona ombi langu kuwa la ajabu, hasa waliosubiri miezi mingi kwenye foleni yako. Lakini kila mmoja wao, nina hakika, amemwacha nyumbani mtu ambaye hakuulizwa. Mngeweka angalau karatasi ukutani pale mapokezi: mgonjwa akishaona, jamaa zake wajiandae kuonekana.

Nisalimie muuguzi wako mwenye subira, bawabu aliyetushika mkono kwenye ngazi ingawa wakati wa kutoka mama alikataa kushikwa, na yule samaki wa kwenye tangi, ambaye mama alimpita akiingia na kumsimamia akitoka, hadi nikamvuta. Nyumbani wote hawajambo, tena kupita kiasi.

Ndimi, kwa heshima na masikitiko,

Miwani
(aliyestaafishwa kabla ya wakati)

N.B. Nilipokuwa nikiukunja waraka huu, mama aliuona akiwa mlangoni. Kichwa cha habari alikisoma kutoka palepale, kwa jicho la kulia. Mengine akaja kuyasoma kwa la kushoto, amesimama nyuma yangu, na kwenye habari za Besi alicheka hadi akashika kiti. Alipofika mwisho alisema kwamba hajauona mwandiko wangu kwa miaka mingi, kumbe ni mzuri, na itakuwa aibu kuutupa, kwa hiyo nautuma.

Lakini akaongeza kwamba kuna kitu sikukiandika kwa sababu sikukijua, nacho ni yale mliyozungumza naye nilipotumwa maji. Anasema ulimwuliza kama angependa macho yote mawili yachongwe ya karibu, kwa kuwa ni fundi, nguo zake ziko karibu, na hazikimbii. Anasema alikujibu: "La kushoto nipe la kushonea. La kulia liache hivyohivyo. Nina mtoto anayetakiwa kwenda mbali, na asiponiona namtazama hatakwenda."

Anasema uliuliza kama mtoto mwenyewe ndiye yule wa mikoba.

Baada ya hapo alileta koti langu la safari. Bitana ilikuwa imeachia begani, akasema kwa sauti ya kujidekeza kwamba leo macho yamechoka, nimtungie uzi kama zamani. Nilijua haoni taabu yoyote. Nilichukua sindano, nikajaribu, nikajaribu tena, nikasogea dirishani nikajaribu huko, na tundu lilikuwa limejaa maji. Mama alingoja. Kisha akaichukua mkononi mwangu, akatunga mara moja, akashona bitana huku akinung'unika kwamba aliyeishona mara ya kwanza alikuwa kipofu.

Kwa hiyo, Daktari, tafadhali usifanye chochote katika hayo matatu niliyoyaomba, isipokuwa kumsalimia samaki. Ikiwa una nafasi, baba angependa kujua kama na yeye anafaa. Anasema amechoka kuwa yeye peke yake anayetazamwa. Barua hii nitaiacha mapokezi kesho asubuhi, nikiwa njiani kwenda stendi. Mama hatanisindikiza. Atasimama mlangoni, na ameniomba kwamba nikifika kwenye kona nisikate haraka, kwa sababu anataka kulijaribu lile la kulia.